Barua Zenye Sahihi Yangu

Siku ya kuniaga walinifunga kitenge kipya kiunoni, wakanivika shada la maua ya plastiki, wakanikalisha mbele ya keki iliyoandikwa kwa sukari ya bluu: Mapumziko Mema Mama. Mapumziko! Niliitazama ile keki mpaka macho yakaniwasha. Sikuwa nimechoka. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimestaafu, wala sikuwa nimepata kazi nono Dodoma kama mshereheshaji alivyokuwa akitangaza. Nilikuwa nimegombana na bodi, nikashindwa kwa kura, nikarudisha funguo. Kila mtu ukumbini alilijua hilo, na kila mtu alikuwa anapiga makofi.

Nilikubali kuja kwa sababu moja tu. Mwenyekiti wa bodi, mzee aliyenifundisha kusoma nikiwa darasa la kwanza na ambaye mpaka leo namwita Mwalimu, alikuwa ameniahidi jambo. Nikija kuagwa kistaarabu, bila kelele, atampigia simu mjumbe wa nyumba kumi wa kijiji kimoja mbele ya Mofu, amwambie aitoe barua moja aliyokuwa ameihifadhi. Barua ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Ingeendelea kukaa pale ilipo, dalali angemchukua huyo mtoto kama alivyomchukua dada yake. Basi nikaja, nikavaa, nikakaa. Wakati wa kukata keki nikamwinamia Mwalimu na kumuuliza kama ameshampigia mjumbe.

"Tumalize kwanza sherehe, mwanangu," akasema. "Tutaongea Jumatatu."

Mimi nimekulia kambi ya wakata miwa. Pale kambini watu walitoka kila mkoa na kila dini, na mtoto mpole alinyang'anywa hata ndoo yake bombani. Sikufunzwa kunyamaza. Nikasimama, nikachukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji, tena nadhani nilimkwaruza kidogo, nikasema: "Nashukuru kwa keki. Naondoka ofisini, siondoki kwenye kazi. Na zile barua zikusanywe zote, kabla mtoto mwingine hajapotea nazo. Nimezisaini mimi, kwa hiyo najua ninachosema." Mshereheshaji akafungulia muziki. Nikapaza sauti juu ya muziki, wakauongeza. Nikatoka na kitenge changu kiunoni, na ile keki sijui hata ilikuwa na ladha gani.

Hizo barua lazima nizieleze, maana bila kuzieleza nitaonekana mwehu.

Shirika letu lilikuwa dogo: vyumba vitatu na kibaraza hapa Ifakara, pikipiki mbili, na gari lililohitaji kubembelezwa kila asubuhi. Nililianzisha mimi na wenzangu wachache, nikaliongoza zaidi ya miaka kumi. Kazi ilikuwa moja, kuwazuia watu wanaoingia bondeni kuchukua watoto kwa ahadi ya shule au kazi nzuri, kisha wakaenda kuwatumikisha mbali, ambako mtoto hana wa kumlilia. Sheria inauita usafirishaji haramu wa binadamu. Kijijini unaitwa "kachukuliwa na shangazi," na ndiyo maana ni mgumu kuukamata.

Huku kwetu mpunga haulimwi nyuma ya nyumba. Mashamba yako mbali, mengi ng'ambo ya mto. Mvua zikianza, wazazi wanahamia huko na masufuria yao, wanalala kwenye madungu, vile vibanda vinavyopandishwa juu ya nguzo, mpaka mavuno. Watoto wanaosoma wanabaki kijijini, mkubwa akimlea mdogo, jirani akitupia jicho. Ni desturi ya miaka yote. Na usije ukaniambia huo ni uzembe, maana wali unaoula mezani kwako umetoka huko. Ila madalali wanaijua hiyo kalenda kuliko mabwana shamba. Mama akishavuka mto tu, wao wanashuka kwenye basi.

Ndipo nikabuni barua. Nilijiona nina akili kweli. Mtoto yeyote asitoke kijijini na mtu asiye mzazi wake bila barua yenye nembo yetu, sahihi yangu na alama ya dole gumba la mzazi. Ndani kuna jina la mtoto, anakokwenda na anayemsindikiza. Tuliwafundisha mgambo, makondakta na wajumbe kuidai. Msimu wa kwanza madalali walirudi mikono mitupu, na mimi nikatembea mjini nimeinua kidevu. Wageni, wafadhili wetu, walitoka nchi za mbali kuja kuipiga picha karatasi ile. Tuliiweka hata kwenye kalenda.

Kisha tukafanya semina Michenga, na mama mmoja akanyoosha mkono. "Dada, mimi niko ng'ambo, maji yamejaa, mtoto ameugua homa anatakiwa kupelekwa Ifakara hospitali. Hilo dole gumba mtalitoa wapi?" Swali zuri kabisa. Sikuwa na jibu, na mimi ni mtu nisiyependa kuonekana sina jibu. Nikasema, "Wekeni dole kabla ya kuhama. Barua ikae kwa mjumbe. Itoke kwa ugonjwa au shule tu." Wakashangilia. Toka siku hiyo, kabla ya kwenda shamba, akina mama wakawa wanapanga foleni kwa mjumbe kama wanaokwenda kliniki, wanachovya dole kwenye wino, wanaenda zao na amani moyoni. Na kwa kuwa nisingeweza kukimbilia kila kijiji kila mtoto akipata homa, nami nilikaa mezani mchana mmoja nikazisaini bunda zima, huku nakunywa chai ya tangawizi na kupiga soga. Jina la mtoto lipo, dole la mama lipo, sahihi ya mkurugenzi ipo. Katikati pamebaki patupu: anakwenda wapi, na nani.

Sasa mimi, mtu mzima na akili zangu, nilidhani pale patupu patajazwa na nani?

Jibu liliingia ofisini siku ya Jumanne, mchana, bodi ikiwa kwenye kikao chake cha kawaida chumba cha pili. Dereva wa lori alimshusha binti wa miaka kumi na sita mlangoni kwetu akasema amemkuta barabarani, anatembea kwa miguu kutoka machimboni. Mkono wake mmoja ulikuwa na kovu bichi la mafuta ya moto toka kiwiko mpaka kiganja. Akaniamkia shikamoo vizuri tu, kama mtoto aliyelelewa. Kisha akauliza, "Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi nani, mwanangu?"

Akafungua mfuko wa nailoni, akatoa barua iliyokunjwa mara nne, akaweka kidole kwenye sahihi. "Huyu. Yule mama aliyenichukua alisema wewe ndiye uliyenituma."

Nimetukanwa sana katika kazi hii. Nimeitwa mchawi, nimeambiwa navunja undugu wa watu, kuna aliyewahi kunimwagia maji ya kufulia. Hakuna lililonikata maini kama hilo. Barua ilisema anakwenda chuo cha ushonaji, anasindikizwa na shangazi yake. Kumbe alikwenda kupika kwenye mgahawa wa machimboni toka alfajiri, na kufanya mengine ambayo hakuyataja, nami sikumlazimisha. Mpaka siku alipoungua mkono hakupiga kelele wala kutoroka, kwa sababu alidhani shirika linajua aliko. Alidhani ndiyo chuo chenyewe kinaanza hivyo.

"Mdogo wangu naye ana barua," akasema. "Iko kwa mjumbe. Yule mama aliniambia msimu huu atarudi kumchukua, aje anisaidie."

Sikubisha hodi. Niliingia kikaoni na ile barua mkononi nikaitandika mezani juu ya sahani ya karanga. Nikasema tuzikusanye zote, leo, kijiji kwa kijiji, tuanze na ya mdogo wake, na tutangaze kwamba barua hazina nguvu tena. Wajumbe wa bodi wakatazamana. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akairudisha. Namjua. Akipangusa miwani ujue jibu ni hapana.

"Barua haina kosa," akasema. "Wenye kosa ni watu. Wageni wanakuja mwezi ujao kuiona hiyo hiyo barua. Tukitangaza leo kwamba imewapoteza watoto, shirika linakufa, na likifa, hao watoto wengine watalindwa na nani? Wageni wapite kwanza, tutaifanyia marekebisho taratibu."

"Mtoto asubiri wageni wapite?"

"Usiyageuze maneno yangu."

"Siyageuzi, Mwalimu, nayarudia tu ili uyasikie."

Wakapiga kura. Mkono ulioinuka upande wangu ulikuwa wangu peke yake. Nikaweka funguo mezani, za ofisi, za gari na za kabati. Mwalimu akanifuata mpaka kibarazani, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi: "Ukitoka hapa huna gari, huna kitambulisho, huna cheo. Nani atakusikiliza?" Nikamwambia tutaona. Yule binti nikamchukua nyumbani kwangu, akalala kitandani mwangu, mimi nikalala mkekani.

Nilidhani sitahitaji cheo kuomba karatasi moja. Thubutu! Jumatano nilikwenda kwa mjumbe. Mzee mwema, mwaminifu, ameiweka barua kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Akanisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Mama, uliniambia mwenyewe. Isitoke ila kwa ugonjwa au shule, na nisimpe yeyote asiye na kitambulisho cha ofisi. Leo asubuhi ofisi wamenipigia kwamba wewe si wa ofisi tena. Nikikupa, nitamjibu nini mama mtu?" Nilikasirika mpaka nikacheka. Nilimfundisha mimi, akafaulu. Huyo mtoto nilimwona pia, anarudi shule na daftari kichwani, mwembamba, anaruka madimbwi. Ningeweza kumpakia kwenye bodaboda nikaondoka naye. Lakini kumchukua mtoto wa mtu mama yake hayupo, kwa maneno matamu tu, si ndiyo kazi ya dalali? Nikarudi mjini mikono mitupu, na Mwalimu akanipigia simu kuniahidi yale ya sherehe. Yaliyotokea kwenye sherehe, Alhamisi, nimeshayasema.

Kwa hiyo Ijumaa, jua linachomoza, nilikuwa juu ya bodaboda naelekea Mofu na kuzidi, kumtafuta mama yao ng'ambo. Mvuvi mmoja alinivusha kwa mtumbwi uliokuwa umebeba perege wake na baiskeli ya mtu. Kutoka ukingoni nilitembea kwenye matope, viatu mkononi, kitenge cha kuagwa kimefungwa mpaka magotini, naulizia kila dungu. Mpunga ulikuwa umeshabeba, punje bado zina maziwa, na huo ndio wakati kwelea, vile vindege walao mpunga, wanashuka kwa maelfu. Mtu anayeamia, anayewafukuza hao ndege, wakati huo haondoki shambani hata kwenda kuzika.

Nilimkuta juu ya dungu lake, kombeo mkononi, rundo la vidonge vya udongo miguuni. Alinitambua, akashuka mbio kwa furaha. "Shikamoo dada! Umefika mpaka huku? Vipi binti yangu, ushonaji anauweza?"

Jamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo yote isipokuwa ile furaha. Nilimwambia. Nilimwambia pale pale tumesimama kwenye maji, kwamba hakuna chuo, kwamba binti yuko kwangu, yu hai, ameungua mkono, na kwamba aliyemchukua alitumia barua yenye dole lake na sahihi yangu. Nikamwambia anarudi kumchukua mdogo. Ule udongo uliokuwa mkononi mwake kwa ajili ya ndege akanitupia mimi, ukanipata hapa kifuani, ukauma kweli kweli.

"Nyie!" akapiga kelele. "Nyie ndio mliotuambia tuweke dole! Nilikuuliza mimi mwenyewe, pale Michenga, mimi ndiye niliyenyoosha mkono! Ukasema wekeni!"

Sikuwa nimemkumbuka uso. Nikasema, "Ndiyo. Nilisema. Nilikosea." Nikawa nangoja kidonge cha pili, na kingekuja ningekipokea.

Hakikuja. Aliufunga upya mtandio wake, akageuka aende, halafu akasimama. Wingu la kwelea lilikuwa limeshatua kona ya juu ya shamba, mpunga unainama. Akautazama ule mpunga, akatazama njia ya mtoni, akautazama tena mpunga. Pale palikuwa na chakula cha nyumba nzima cha mwaka mzima, na pale palikuwa na mtoto. Machozi yakamtoka kwa hasira.

"Nenda," nikamwambia. "Nitaamia mimi."

"Wewe? Na hicho kitenge?"

"Mimi. Na kitenge. Nenda!"

Akanitupia kombeo, akaenda anakimbia, matope yanaruka mpaka mgongoni.

Nisikudanganye, sijui kupiga kombeo. Udongo wa kwanza ulikwenda nyuma. Wa pili ulinipiga mimi mwenyewe sikioni. Kwenye madungu ya jirani akina mama wakaangua vicheko. "Wee! Mkurugenzi kaja kuamia!" "Mama, ndege wako huku, si huko!" "Waandikie barua, watakuelewa!" Hiyo ya barua ilinichoma lakini nilicheka nayo, maana nilistahili. Nikaacha kombeo, nikachukua debe na kipande cha chuma, nikapiga debe na kupiga mayowe kama mlevi. Nilikimbia matuta yote, nikaanguka mara sijui ngapi. Kila wakitua nawafuata. Nilikuwa nimewaongoza watu wazima miaka yote hiyo kwa maneno, na sasa nilikuwa nafukuza viumbe vidogo kuliko ngumi yangu na vinanishinda. Lakini nasema kweli, siku ile sikujionea huruma. Kila nikichoka nilikuwa namwona yule mtoto na daftari lake kichwani, naokota tena debe. Mchana jirani mmoja aliniletea ugali na kambale, akakaa kuniangalia nikila. Akasema, "Na mimi barua yangu iko kwa mjumbe. Ya mwanangu wa kwanza." Kisha akaniuliza maswali, na wengine wakasogea.

Jua lilikuwa bado halijazama aliporudi. Nilihesabu watu kwenye njia. Walikuwa wawili. Nikakaa chini kwenye tope.

Alisimulia amesimama, bado anahema. Alifika kwa mjumbe akakuta barua imeshatoka asubuhi ile ile. Mama mmoja mwenye mkoba alikuja kusema mtoto ana homa kali, anampeleka hospitali. Ugonjwa, kama nilivyoagiza. Mjumbe akafungua kopo lake. Mama mtu akapanda bodaboda mpaka njia panda, pale watu wanapongojea gari la Mlimba la kuunganisha na treni. Akamkuta mwanawe amekaa kwenye benchi, mzima kama kigongo, anakula andazi. Mgambo alikuwa ameshaisoma barua na kuridhika.

"Ananiambia, 'Mama, karatasi za mtoto zimekamilika.' Nikamwambia karatasi gani, mama yake ni mimi! Yule mwanamke akajitia hamnazo, eti, 'Mwenzangu umesahau, ulikubali mwenyewe, dole lako si hili?' Na dole ni langu kweli, dada. Nilitaka kulikata. Nikamwambia kondakta, hebu nisomee hiyo karatasi kwa sauti, kila mtu asikie. Akasoma. Eti anasindikizwa na shangazi. Nikawauliza watu wa pale, wanaomjua mume wangu tangu mtoto, ana dada? Wakasema hana, kazaliwa peke yake. Basi! Mwanamke akashika mkoba anataka kupanda gari. Abiria wakambana mlangoni, mgambo akaona haya, akamkamata, akampeleka kituoni."

Mtoto mwenyewe alikuwa amenuna, hataki kunitazama. Nilipomsalimia akasema, "Mmenizuia. Nilikuwa nakwenda kusoma cherehani kwa dada." Hakuna asante hata ya kuombea maji. Na kwa nini aitoe? Alijua tu kwamba watu wazima wametoa ahadi tena, na watu wazima wameivunja tena.

Mama alikuwa amempokonya kondakta ile barua na kuibana kwenye mtandio. Akaitoa, akaelekea kwenye mafiga aichome. Nikamshika mkono. Nikamwambia hiyo ni ushahidi, yule mwanamke yuko kituoni lakini bila karatasi hii ataachiwa, atasema alikuwa anamsaidia mgonjwa. Akanitazama sana. "Ina jina lako pia." Nikasema najua. "Watakushika na wewe." Nikasema labda. Akaikunja, akaniwekea mkononi.

Jumamosi asubuhi wale wenye vicheko waligawana shamba lake, kila mmoja akaamia kipande, nasi watatu tukavuka mto kuja Ifakara. Tulipita kwangu kwanza. Binti mkubwa alikuwa kibarazani anachambua mchele kwa mkono mmoja. Mama yake alikwenda akauchukua ule mkono wa kovu akauweka shavuni kwake, akakaa nao hivyo. Yule mdogo alisimama pembeni akiutazama ule mkono toka kiwiko mpaka kiganja. Hakuuliza tena habari za cherehani.

Kituoni, kwenye dawati la jinsia na watoto, Mwalimu alikuwa ameshafika. Habari bondeni hazina haja ya simu. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akaitikia marahaba, akaomba tuongee nje kidogo. Alikuwa amezeeka tangu Alhamisi, na nilimhurumia, sitaficha. Mtu huyu alinishika mkono nikiandika herufi yangu ya kwanza.

"Sema sahihi imeghushiwa," akasema polepole. "Neno moja tu. Dalali anafungwa vile vile, tena kifungo kinaongezeka kwa kughushi. Wewe unasalimika, shirika linasalimika. Hakuna anayeumia."

Alikuwa amelifikiria vizuri, na sehemu kubwa ilikuwa kweli. Nilisimama pale nikalionja lile neno. Lingenitoa. Lakini sahihi yangu ikiwa imeghushiwa, basi barua nyingine zote ni halali, na zinaendelea kulala kwenye makopo ya biskuti toka Mofu mpaka Mlimba, kila moja na dole la mama aliyeko ng'ambo, pale katikati patupu pakingoja mkono wa mtu.

"Na zile nyingine, Mwalimu? Nazo zimeghushiwa?"

Akavua miwani, akaipangusa. Nikamwacha akiipangusa, nikaingia ndani.

Afande alikuwa binti mdogo, kalamu tayari, faili limefunguka. Mama wa watoto alikuwa ameshakaa, amesogeza kiti cha pili karibu na chake, nikakaa hapo. Afande akaigeuza barua upande wangu. "Sahihi hii unaitambua?"

"Naitambua. Ni yangu. Niliisaini mimi kabla haijajazwa, kwa hiari yangu, na nilisaini nyingine nyingi. Vijiji vyote ninavyo kichwani. Chukua karatasi ya pili, afande, maana hiyo haitatosha."

Akanitazama, kisha akamtazama mama. "Mama, unaelewa huyu anajitia matatani?"

"Naelewa," akasema mama. "Mwandike. Halafu andika na mimi. Dole ni langu."